Mikono ya Nili

Kidole cha baba kilikishinda kipimo cha hewa.
Muuguzi alikibana kwenye kidole cha shahada, akangoja,
akahamia cha kati, akakitikisa kile kidude,
hadi alipoziangalia kucha: buluu,
buluu ya miaka hamsini na miwili mitungini.
Akambana sikioni, kama nguo kwenye kamba.
Baba akacheka. Mwezi ule hakucheka tena.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyojificha.
Umanjano ulifika viganjani ukakuta pamekwishapakwa.
Sisi wa Aizumi, kando ya mto Yoshino,
rangi tunaijua kwa kuinusa:
kitambaa kikitoka kwenye nili huwa kijani,
kisha hewa hukigusa, kikawa buluu ukikitazama.
Tunajua yote hayo. Wala hatukuona.

Tuliona mengine, tukayapa majina mengine.
Mkanda uliongezwa tundu kwa msumari, kisha tundu jingine:
uzee, tukasema.
Maumivu chini ya kifua, yakipenya hadi mgongoni,
usiku, akilala chali, hadi akae akumbatie magoti:
ni kuinamia mitungi, tukasema.
Sukari ikapanda ghafla kwa mtu asiyeramba hata asali;
Daktari Miyoshi akaandika vidonge, akamnyima wali.
Mkojo ukawa chai ya rangi. Choo kikapauka kama udongo wa mfinyanzi,
lakini nani humsimulia binti yake habari za choo?
Alijikuna kwa rula ya mianzi
mpaka shuka likaota mistari.

Ni Kozue, mjukuu, miaka sita,
aliyekuwa akimchora babu yake mezani,
akaomba penseli ya manjano
ya macho.

*

Moyo una nyimbo. Ini lina uchungu wake.
Mambo yakiharibika, yametumbukia nyongo.
Kongosho halina methali.
Limelala nyuma ya tumbo kama mpangaji mkimya
ambaye jina lake hulijui hadi moshi utoke mlangoni.

Daktari Itano alituchorea nyuma ya bahasha:
hiki kichwa cha kongosho, huu mfereji wa nyongo,
hapa kivuli, sentimita mbili na nusu.
"Kiko karibu na mshipa. Hakijaukumbatia."
Kwa neno hilo moja, hakijaukumbatia,
mama aliishi wiki nzima.

Kamera kooni, sindano, punje ya nyama.
Siku ya nane, jibu: saratani.
Baba aliuliza swali moja tu:
nili itakula nini nikiwa huku?
Maana nili iko hai. Hula pumba za ngano na maji ya majivu,
hukorogwa asubuhi na jioni, na ikisahauliwa hufa, hunuka.

Kwanza mrija. Nyongo ikashuka, macho yakarudi meupe,
majirani wakaleta machungwa na pongezi,
nasi hatukuwa na moyo wa kuwasahihisha.
Kisha kisu, muda wa saa tisa.
Walitoa kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo, kipande cha utumbo,
wakashona kilichobaki kwa kilichobaki.
Kaka yangu Teruhiko alihesabu vigae vya dari
akasahau idadi, akaanza upya.

Sasa ni vidonge: wiki nne za dawa, wiki mbili za kupumua,
na vingine vya kusaga chakula, kila tonge na kidonge chake.
Vidole vimemwiva, vyeusi kwenye maungio.
Rangi hii, asema, sikuichagua.
Na kucha zinakua. Chini, ukingo mweupe;
buluu inasogea kuelekea mkasi.

Jana niliikata ya mwisho.
Hakusema kitu. Aliufunga ule mwezi mdogo wa buluu kwenye karatasi,
akaniuliza kama nimekoroga jioni.
Nilimwonyesha mikono yangu.
Akaishika, akaigeuza, akaipeleka penye mwanga wa dirisha,
akakagua rangi kwa muda mrefu,
kisha akaniangalia macho.
Kwanza kulia. Kisha kushoto.

Skani ijayo ni tarehe kumi na tisa.